Chinsaga ya Langoni

Kila alfajiri Okemwa alipakia mboga za kulisha Nairobi, na kila jioni alirudi nyumbani na chipsi. Alikuwa mpakiaji wa magunia katika soko la Daraja Mbili. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba chinsaga, mboga ile chungu ambayo wenzetu wa pwani huiita mgagani, inaondoka Kisii kabla jua halijaikausha. Kilichobaki malori yakishaondoka kilifungwa vifungu vidogo vya kutia huruma na kuuzwa kwa bei ya kutisha. Chipsi zilikuwa rahisi, zilikuwa moto, na hazikudai makaa. Penye miti hapana wajenzi, na nyuma ya soko lile kubwa la mboga kulikuwa na mtaa mzima uliokuwa ukila viazi na mafuta.

Mkewe Bonareri alikuwa na mimba ya kwanza. Alhamisi moja asubuhi alikuwa kliniki, na nesi alikuwa ametazama karatasi ya damu, akamtazama yeye, akarudi kwenye karatasi.

"Unakula nini wewe?"

"Chakula."

"Chakula gani?"

"Chai. Ugali kidogo. Jioni chipsi."

"Unakaa wapi?"

"Daraja Mbili."

Nesi aliweka kalamu chini. "Daraja Mbili! Na unakosa chinsaga? Mimi ningekaa huko ningekuwa kijani." Wanawake waliokuwa kwenye benchi walicheka, na Bonareri akatazama viatu vyake. Nesi alikuwa mtu mwema, ila sauti yake haikujua kunong'ona. "Vidonge nakupa, lakini vidonge peke yake havitoshi. Mwezi ujao ukirudi na damu hii, hutazaa hapa. Nitakuandikia uende hospitali kubwa, na huko wanaweza kukuongeza damu ya mtu."

Bonareri alitaka kuzalia pale pale kwenye kliniki ndogo, ambapo angefika kwa miguu akiwa ameshikwa mkono na jirani yake. Wazo la damu ya mtu mwingine halikumtoka kichwani. Lilimtia hofu kweli, na hofu ile ndiyo iliyomfanya jioni ausukume mfuko wa chipsi kando bila kuufungua.

"Shati lako linanukia chinsaga," alimwambia mumewe.

"Nimebeba gunia tangu saa kumi."

"Basi vua nilichemshe."

Okemwa alicheka, kisha akaacha, kwa sababu mkewe hakuwa akicheka. Akasikiliza habari ya kliniki hadi mwisho. Alijua kwamba majani huanguka kila siku chini ya malori. Aliwahi kuokota konzi moja akatia mfukoni, na dalali akamwamuru atoe mifuko nje mbele ya watu kama mwizi wa kuku. Tangu siku ile alikuwa akiyakanyaga tu.

"Mpigie mama yako," Bonareri alisema.

"Nimwambie nini? Kwamba mtoto wake anashinda kwa mboga na mke wake amekosa mboga?"

"Ndiyo. Mwambie hivyo hivyo."

Akapiga.

* * *

Huko Sironga, ng'ambo ya Nyamira, bibi Nyanchera alikuwa na chinsaga nyuma ya jikoni, iliyositawi hadi ikaanza kuingilia majani chai ya mumewe. Alikuwa pia na goti lililovimba kama boga, kwa hiyo hakuweza kusafiri. Alimaliza kuongea na mwanawe, akamgeukia mumewe, Mzee Osoro.

"Kesho utaamka mapema twende tuchume. Utapeleka Kisii."

"Mimi? Nibebe mboga?"

"Hutabeba mboga. Utabeba gunia. Gunia halina jina."

"Na likinuka?"

"Sema ni ya ng'ombe."

Mzee Osoro alikuwa mtu mrefu, mwenye koti la kahawia na heshima zake katika kanisa la Wasabato, na katika umri wake wote hakuwahi kupeleka mboga kwa mtu. Mboga ni mali ya wanawake. Lakini kulikuwa na jambo jingine zito zaidi. Kwa Wakisii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni ensoni, ile aibu ya heshima iliyo kati ya mkwe na mkwe: husalimiana kwa mbali, macho chini, na mambo ya kitanda na mimba hayasemwi kabisa. Kule nyumbani ni rahisi, kuna ua na mti wa kukaa chini yake. Nyumba ya Okemwa mjini ilikuwa chumba kimoja, na ukifungua mlango jambo la kwanza kukusalimu ni kitanda.

"Nitafika langoni tu," alisema. "Okemwa atoke achukue. Na kesho ni Ijumaa. Jua likizama niwe hapa, Sabato isinikute barabarani."

"Nenda basi, nani amekuomba uingie?"

* * *

Mzee alipofika langoni mwa ploti ya kina Okemwa, jua lilikuwa limeanza kuinama na simu ya Okemwa ilikuwa imezimwa. Dalali mmoja alikuwa amemchukua kwenda Keroka kupakia lori lililokwama, na betri ikamwishia njiani. Bonareri alikuwa ndani, amelala, mlango umerudishwa tu. Pale langoni, kando ya karai la mafuta, alikuwa Margret, au Mama Pam kwa majirani, mama wa kutoka upande wa ziwa, aliyeuza chipsi zile zile zilizokuwa zikilisha mtaa.

"Karibu mzee. Unatafuta nani?"

Mzee Osoro alikohoa. Angesema nini? Kwamba amemletea mke wa mwanawe mboga? Kwa nini? Kwa sababu ana mimba? Neno lenyewe halingetoka kinywani mwake hata kwa kupigwa ngumi mgongoni.

"Ninapumzika tu," alisema.

"Na gunia?"

"Nalo linapumzika."

Margret alimtazama vizuri. "Kama ni Okemwa unataka, hayuko. Lakini bibi yake yuko hapo, mlango wa pili. Amelala. Ingia tu umwamshe, hakuna kufuli."

Mzee aliruka nyuma karibu akanyage karai. "Hapana, hapana! Huyo simjui."

Petro alipokana, angalau jogoo aliwika. Pale Daraja Mbili kuku wote walikuwa wameshakaangwa, na hapakuwa na wa kumwonya mzee. Margret alishtuka kidogo, akarudi kwenye viazi vyake. Ila jani moja lilikuwa limechungulia mdomoni mwa gunia, na pua ya mtu aliyekulia ziwani haidanganywi.

"Yawa! Hii si dek? Hii ndiyo mnaita chinsaga?"

Kwamboka wa chumba cha kona alikuwa akipita na ndoo. Akasimama. "Chinsaga? Omogaka, mzee wetu, unauza?"

Hapo mzee alikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa kusema kweli, kwamba yeye ni mwanamume mzima aliyebeba mboga kutoka Sironga kwa ajili ya sufuria ya mke wa mwanawe. Nyingine ilikuwa kuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hana aibu popote duniani.

"Ee," alisema. "Nauza."

"Pesa ngapi?"

Alijua bei moja tu, ile ambayo dalali humlipa Nyanchera kule shambani baada ya kulalamika barabara ni mbaya. "Shilingi kumi."

"Kumi kifungu ama kumi jani?"

"Kumi hivi," mzee alisema, akazamisha mikono yote miwili guniani na kuitoa imejaa hadi viwiko.

Kwamboka alitua ndoo. Margret aliacha chipsi zikaanza kuungua. "Mzee," Kwamboka aliuliza kwa upole, "wewe uko sawa?"

Hakungoja jibu. Alimwaga maji ya ndoo palepale, akaigeuza kuwa kikapu, akapiga kelele kuelekea vyumbani. Wanawake walitoka na mabeseni, na leso, na mmoja na kofia ya mumewe. Mzee Osoro alichota akachota. Kila aliyepokea alimwombea baraka kwa Ekegusii, Kiluo au Kiswahili, na yeye aliitikia kwa zote, jasho likimtoka. Jambo la kushangaza ni kwamba alianza kuona raha kidogo. Tangu aache kucheza mpira hakuwahi kushangiliwa hivyo.

Alimkumbuka Bonareri mboga ikiwa imebaki chini kabisa ya gunia. Akalikunja mdomo, akalikumbatia.

"Na hizo?" Margret aliuliza. Alikuwa amewaacha wengine watangulie kwa sababu ya karai lake.

"Hizi zina mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

Mzee alitazama mlango wa pili. Ungekuwa mwendo mfupi sana kwa mtu mwingine yeyote.

"Basi chukua tu," alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli.

Jua lilikuwa limeshuka. Akakunja gunia tupu, akalitia kwapani, akaenda mbio kuiwahi Sabato. Alipofika Sironga jua lilikuwa limebaki jekundu kidogo juu ya migomba.

"Zimefika?" Nyanchera aliuliza.

"Zimefika," alijibu. Hakusema zimefika kwa nani, na jua lilikuwa bado halijazama.

* * *

Kesho yake, baada ya ibada, Nyanchera alinyoosha goti kwenye kiti na kumpigia mkaza mwanawe simu. Mzee Osoro alikuwa kando, amefungua Biblia mahali popote palipofunguka.

"Mwanangu, chinsaga imekaa vizuri?"

"Chinsaga gani, mama?"

Nyanchera alimgeukia mumewe polepole, pamoja na goti. "Omogaka."

Siku ya Sabato mzee hakuweza kuongeza uongo juu ya ule wa jana. Alieleza yote: karai, jani, Kwamboka, kofia ya mtu. Alipofika mahali pa "simjui," Nyanchera alikuwa ameshaweka simu mapajani bila kuikata, akicheka huku akijipiga goti lile lile bovu, na Bonareri upande wa pili akasikia kila kitu.

Alitoka nje taratibu, akamkuta Margret akisugua karai. "Mama Pam, jana kuna mzee aliuza mboga hapa?"

"Mrefu? Koti la kahawia? Huyo si mtu, huyo ni malaika! Lakini akili yake kidogo..."

"Ni baba mkwe wangu. Mboga ilikuwa yangu."

Margret alikaa chini. "Yawa! Si alisema hakujui! Nikamwambia ingia, akaruka kama mtu ameona nyoka." Kisha akaweka karai chini, kwa sababu kwao nako kuna mambo ya wakwe, na alianza kuelewa. "Mungu wangu. Nilimwambia mzee aingie chumba cha mwana wake. Na ile ya mwisho alikuwa amekumbatia, ni mimi nilichukua."

Habari ilizunguka vyumbani upesi. Kwamboka alishika kichwa. "Tumechukua dawa ya mja mzito. Sisi ni watu gani?" Bonareri aliwaambia haidhuru, na machozi yakamtoka papo hapo, maana ilidhuru sana. Usiku kucha alikuwa amenusa chinsaga ikichemka kila upande wa ukuta wake na akadhani ni mimba inamchezea.

Lakini kuna jambo moja ambalo mtu wa Gusii analijua hata akiwa usingizini. Chinsaga hailiwi siku inapopikwa. Unaichemsha, unamwaga uchungu, unatia maziwa, unaifunika ilale. Kesho yake ndipo inakuwa tamu. Kwa hiyo ile mboga yote aliyoiuza mzee ilikuwa bado iko pale pale, imelala ndani ya sufuria, nyumba kwa nyumba.

Kwamboka ndiye wa kwanza kurudi na bakuli. Akafuata wa chumba cha tatu, na mwingine, na yule wa kofia. Margret alileta ya kwake ikiwa imetiwa siagi ya maziwa kama wanavyopika kwao. "Hii ndiyo ile ya mwisho," alisema. "Sijaigusa. Onja ujue Wajaluo pia ni watu." Bonareri aliketi mlangoni, mabakuli yamemzunguka, akala ya huyu na ya yule, huku wenyewe wakigombana ni ipi imepikwa vizuri zaidi. Alikula hadi akafungua kanga kiunoni. Hakuwa amefurahi hivyo tangu aje mjini.

Okemwa aliwakuta hivyo alipotoka kanisani. Langoni alikuwa ameshapokelewa na vijana wa jirani wakimtania kuhusu babake: "Okemwa, budako ni mama mboga noma! Arudi lini?" Sasa uso ulikuwa umemuwaka.

"Nitampigia tata simu," alisema. "Asirudi tena hapa. Watu wananicheka. Baba yangu mzima anauza mboga kwa lango langu!"

"Nani anakucheka?" Margret aliuliza.

"Kila mtu."

"Wewe unapakia mboga inaenda Nairobi, jioni unanunua chipsi kwangu. Mimi nauza chipsi na sizili, nimezichoka. Hilo ndilo la kuchekesha. Mzee ameleta mboga ya kumi, mikono miwili, na wewe unaona aibu? Mficha uchi hazai, na huyu wako karibu azae."

Wanawake walipiga makofi. Okemwa alimtazama mkewe, aliyekuwa na maziwa kwenye kidevu na bakuli mkononi.

"Aje," Bonareri alisema. "Na alete na risosa, yale majani ya malenge."

Okemwa alikaa chini kando yake. Baada ya muda akachukua kijiko.

* * *

Mzee Osoro alikataa katakata kurudi hadi Nyanchera alipomtolea hesabu. Kwa bei yake ile ile ya kichaa, alikuwa amerudi na zaidi ya anachotoa dalali kwa gunia hilo hilo, maana kwa kumi dalali huchukua rundo mara mbili ya lile. "Wewe umepata faida, wao wamekula. Sasa unataka nini, cheti?" Majirani wa Sironga nao waliposikia, walianza kumletea vifungu vyao jioni ya Alhamisi.

Basi ikawa kila Ijumaa. Okemwa mwenyewe humpokea babake stendi na kujitwika gunia begani. Mara ya kwanza wapakiaji wenzake walimwuliza kama amepotea njia, kwa kuwa hawakuwahi kumwona na gunia la chinsaga linaloelekea mtaani. Margret alitoa stuli ya mzee, akaiweka upande usiofikiwa na moshi. Makaa walichanga, wakachemsha kwa sufuria moja kubwa ya Kwamboka, kisha kila nyumba ikaenda kulaza yake. Chipsi za Margret hazikufa. Alianza kuziuza na dek pembeni, akasema ndivyo wanavyokula hotelini.

Na kabla ya kumuuzia mtu yeyote, mzee alitoa fungu kubwa la kwanza na kulitundika kwenye msumari wa lango. Anayeuliza aliambiwa, "Hiyo ni ya msumari." Wote walijua msumari ni nani. Jioni akishaondoka, Bonareri alitoka na kulitundua.

Siku ya kliniki alikaa kwenye benchi lile lile. Nesi alitazama karatasi, akamtazama yeye, akarudi kwenye karatasi.

"Hii ni damu ya nani?"

"Ni yangu."

"Umefanya nini?"

"Nimepata mwuzaji."

"Basi umshike, asikutoroke," nesi alisema kwa sauti yake ile ile, na benchi zima likasikia. "Utazaa hapa hapa."

Bonareri alirudi akitembea upesi kuliko tumbo lilivyoruhusu. Ilikuwa Ijumaa. Langoni kulikuwa na foleni, na mbele ya foleni koti la kahawia. Siku nyingine angezunguka nyuma ya choo aingie bila kuonekana. Siku hiyo alisimama mwisho wa mstari kama mtu yeyote. Wanawake waligeuka, wakaona, wakaanza kumsukuma mbele mmoja mmoja, bila kusema neno, hadi akawa mbele ya gunia.

Mzee Osoro aliona kwanza miguu. Kisha akaona tumbo, akatazama guniani haraka.

Hakuna sheria ya ensoni inayokataza mtu kununua mboga. Bonareri aliinamisha macho, akatoa sarafu yake. "Tata, nipimie ya kumi."

Mzee aliunyoosha mdomo wa gunia. Kisha akasema na gunia, "Wewe yako imelipwa."

"Nani amelipa?"

"Mwenye shamba. Ameniambia nikuulize, kliniki wanasemaje."

"Mwambie imepanda. Mwambie nitazaa hapa hapa."

Neno lilikuwa limesemwa, mchana, mbele ya watu, na mbingu haikuanguka. Mzee alitundua fungu la msumari, akamwekea mikononi bila kuigusa. Kisha akazamisha mikono yote miwili guniani, akatoa chinsaga hadi viwiko, akairundika juu ya ile nyingine.

"Tata, hii nayo ni ya nani?"

"Ya yule mteja mwingine," alisema Mzee Osoro, uso bado uko chini. "Bado hajafika, lakini yeye namjua."

Margret ndiye aliyeanza kucheka, na chipsi zake zikaungua tena.